Majina Yanayopotea Njiani Kwenda kwa Mchapaji

Mchoro wa vekta hauna wino ndani yake. Chukua ramani ya mwambao wa Ruvuma katika Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi kushuka hadi Mbamba Bay, iliyochorwa kwa programu ya Inkscape na kuhifadhiwa kama SVG, kisha ifungue kwa programu ya maandishi matupu. Hutakuta humo picha ya jina Liuli. Utakuta agizo: hapa andika L, i, u, l, i, kwa fonti inayoitwa hivi, ukubwa huu, rangi hii. Maumbo ya herufi hayamo. Yamo katika faili jingine, faili la fonti, na faili hilo limekaa kwenye kompyuta ya aliyechora.

Ramani iliyopendeza Mbinga ikifunguliwa Songea, katika steshenari ambayo kompyuta yake haina fonti ile, kompyuta hujichagulia nyingine. Herufi zikiwa pana zaidi, jina la Mbamba Bay huingia majini na Liuli hupanda juu ya alama ya hospitali. Hakuna onyo. Mchapaji anaiona ramani, anaibonyeza, inatoka. Mwenye kazi hugundua baadaye, bango likiwa limeshabandikwa ukutani.

PDF ilizaliwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waasisi wa Adobe, aliandika mpango aliouita Camelot: hati itoke kompyuta moja hadi nyingine, na printa moja hadi nyingine, bila kubadilika sura. Toleo la kwanza la PDF lilitoka mwaka 1993, na mwaka 2008 likawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Nguvu yake kubwa ni kwamba faili la PDF linaweza kubeba fonti ndani yake. Linaweza, halilazimiki. Tangu mwanzo ziliwekwa fonti 14 za msingi, jamii ya Helvetica, Times na Courier pamoja na mbili za alama, ambazo faili liliruhusiwa kuzitaja bila kuzibeba. Programu ya kusomea ndiyo iliyotakiwa kuzileta au kutafuta zinazofanana nazo.

Kwa Kiswahili ruhusa hiyo haikudhuru. Tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930 haina herufi yenye kofia, mkia wala nukta ya ziada. Kila tunachoandika kimo katika ASCII ya mwaka 1967, orodha fupi iliyotungwa Marekani kwa ajili ya Kiingereza. Hata ng' yetu inaridhika na alama ya kawaida iliyo karibu na kitufe cha kurudi mstari. Mchoraji wa Kiswahili anaweza kufanya kazi mpaka astaafu bila kukutana na kile kisanduku kitupu kinachosimama mahali pa herufi iliyokosekana. Ni bahati, na naamini bahati hiyo imetuchelewesha kujifunza. Mafunzo mengi ya usanifu niliyoyaona huku hayagusi suala la fonti kabisa, kwa kuwa mifano yote ni ya Kiswahili na Kiingereza na yote hutoka salama.

Bahati hiyo haitoshi ukifika katika lugha za huku kwenyewe. Milimani wanazungumza Kimatengo. Mwambaoni kuna Kimpoto, Kimanda na Kinyasa, ambacho ni ndugu wa Kichewa cha ng'ambo. Katika tahajia ya Kichewa iliyozoeleka kwa muda mrefu kuna w yenye kofia: anthu aŵiri, watu wawili. Kofia hiyo inaonyesha sauti ya midomo inayokaribiana bila kugusana, si w ya kawaida na si b. Ndiyo iliyokuwa ikiandikwa pia katika jina la nchi, Malaŵi. Siku hizi wengi huandika w tupu, lakini vitabu vya dini, kamusi na ramani zenye ŵ bado ziko mikononi mwa watu. Herufi hiyo ina namba yake katika Yunikodi, U+0175, na Wawelisi wa Uingereza nao wanaitumia. Katika zile fonti 14 haimo.

Kimatengo kina matatizo yake. Nobuko Yoneda, mwanaisimu wa Japani aliyeichunguza lugha hiyo kwa miaka mingi, alitoa msamiati wake mwaka 2006, na yeyote anayetaka kuandika lugha ya toni kama hiyo kwa ukamilifu huishia kuweka alama juu ya irabu. Chukua irabu ɛ, ambayo wanaisimu huitumia katika lugha nyingi za Kibantu, uiwekee alama ya toni ya juu: ɛ́. Yunikodi haina namba moja kwa ajili ya umbo hilo. Ni vitu viwili vinavyofuatana, irabu kisha alama, na ni kazi ya fonti kujua alama ikae wapi. Fonti iliyoandaliwa vizuri ina sehemu za kushikia ndani ya kila herufi. Isiyoandaliwa huiacha alama ielee pembeni, au iangukie kwenye konsonanti inayofuata. Msomaji asiyejua lugha hadhani kuna kasoro. Anayeijua anasoma neno jingine.

Watu waliochapa lugha za ziwa hili kabla yetu walikuwa na shida hizo hizo kwa namna nyingine. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na mtambo wa kuchapa kisiwani Likoma, na William Percival Johnson, aliyetumikia mwambao huu tangu miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, alitafsiri Biblia kwa Kinyanja, jamaa wa Kichewa, huku macho yake yakiwa yameharibika vibaya. Katika uchapaji wa herufi za risasi, mpangaji huokota kila herufi kwa mkono kutoka kwenye kijisanduku chake. Kijisanduku kikiwa kitupu, vidole vyake vinajua. Kazi inasimama mpaka uamuzi utolewe: kuagiza herufi, kuazima nyingine, au kubadili tahajia. Uamuzi unaweza kuwa mbaya, lakini ni wa mtu, na aliufanya akiwa anatazama.

Kompyuta imeondoa kusimama huko. Fonti isipokuwa na ŵ, programu inaazima ŵ kutoka fonti nyingine bila kuuliza. Utaona neno ambalo herufi zake zote ni nene na moja imekonda. Kwenye kioo linapita. Ukilitoa kama PDF, mambo kadhaa yanaweza kutokea: fonti ya pili isibebwe na kisanduku kikatokea, ibebwe lakini nafasi kati ya herufi ikavurugika, au neno zima lipotee. Anayehangaika usiku kucha kubadilisha ukubwa wa maandishi anatibu mahali pasipouma.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa sura, na nautenga kwa sababu umepoteza muda wa watu wengi. Orodha ya vijiji imetoka kwenye jedwali la kompyuta, ikaingizwa kwenye ramani, na badala ya "ng’ambo" pametokea "ngâ€™ambo". Au ŵ imekuwa "Åµ". Hapo fonti haina kosa hata kidogo. Imechora kwa uaminifu herufi ilizopewa. Faili la orodha lilihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, ambao hutumia baiti mbili kwa ŵ na tatu kwa ile alama iliyopinda ya ng’, kisha likasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows unaochukulia kila baiti kuwa herufi kamili. Ubadilishe fonti ngapi, zote zitakuletea uchafu ule ule kwa mitindo tofauti. Dawa iko nyuma, pale orodha ilipoingia: ingiza upya na utaje UTF-8.

Sasa nifike kwenye dawa inayotolewa na karibu kila fundi ukimweleza kwamba maandishi yanaharibika: geuza herufi ziwe michoro. Katika Inkscape, ukihifadhi kama PDF, unaulizwa kama fonti zibebwe ndani ya faili au maandishi yageuzwe kuwa mistari. QGIS, programu huria ya ramani inayotumiwa na wapima ardhi, wanafunzi na vijana wa ramani za jamii, ukiwamo mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, inaenda mbali zaidi: kugeuza maandishi kuwa mistari ndilo chaguo inalolipendekeza yenyewe. Na kweli dawa inafanya kazi. Herufi ikishakuwa mstari uliopinda, haihitaji fonti tena. Itaonekana vile vile Mbinga, Songea, Lilongwe na Tokyo.

Mimi naipinga dawa hii kama desturi ya kila siku. Jina lililogeuzwa kuwa mistari linaonekana, lakini halisomeki na mashine. Fungua ramani hiyo, bonyeza kitafutio, andika Lituhi: hakuna. Nakili maneno uyapeleke kwenye barua: hakuna cha kunakili. Mwalimu asiyeona anayetumia programu ya kusoma kwa sauti atasikia kimya kutoka Lundu hadi Mbamba Bay. Na anayekusanya maneno ya Kimatengo au Kinyasa kutoka kwenye machapisho ya kidijiti, kazi inayohitaji kila ukurasa unaopatikana kwa sababu kurasa zenyewe ni chache, atapita juu ya ramani hiyo bila kuokota hata jina moja la mto. Lugha kubwa inaweza kupoteza faili elfu kwa njia hii isihisi. Kimpoto hakiwezi.

Zipo ramani za Afrika Mashariki ya Wajerumani zilizosimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel, zikachapwa Berlin kwa kipimo cha 1:300,000. Majina yake yamechorwa kwa umaridadi mkubwa. Liuli humo ni Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba ulio bandarini, na Manda ni Wiedhafen. Leo zimepigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta, na mtu akitaka kujua kijiji fulani kimo au hakimo, hana njia ila kupitisha macho juu ya karatasi nzima, kipande kwa kipande. Hatuwezi kuwalaumu wachoraji wale. Hawakuwa na namna nyingine. Sisi tunayo, na kila tunapogeuza majina yote kuwa mistari tunaitengeneza upya ramani ya aina ile kwa hiari yetu.

Kila anayepita Mbinga anaona ngoro kwenye miteremko. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika majani, na kinachobaki ni mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta, mahindi yanafuata msimu mwingine. Kutoka barabarani huyaoni majani. Unaona umbo la tuta, na mtu angeweza kuinua udongo mtupu akapata umbo lile lile kabisa. Tofauti ingeonekana kwenye maharage. PDF iliyobeba fonti ina kitu cha namna hiyo chini ya kila jina: kwanza namba za herufi, kisha jedwali dogo linalosema umbo hili kwenye karatasi ni herufi ile katika Yunikodi. Jedwali hilo ndilo linalowezesha kutafuta, kunakili na kusoma kwa sauti. Kugeuza kuwa mistari ni kuliondoa, na umbo linabaki pale pale likimdanganya kila anayelitazama.

Kwa hiyo kazi inayofaa ni kuhakikisha kwamba fonti imebebwa kweli, na hilo huchukua dakika chache kwa anayejua mahali pa kutazama. Kwenye Acrobat Reader, fungua sifa za hati, ukurasa wa fonti. Kila fonti iliyotumika imetajwa, na pembeni yake inaonyeshwa kama imebebwa. Mara nyingi hubebwa kwa sehemu, yaani herufi zilizotumika tu, ili faili lisiwe kubwa. Ukitazama kwa zana nyingine utaona jina la fonti limetanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Anayetumia Linux ana amri ya pdffonts, ambayo napenda zaidi kwa sababu inatoa safu tatu zenye ndiyo au hapana: imebebwa, ni sehemu tu, ina jedwali la Yunikodi. Safu ya tatu husahaulika. Faili linaweza kuchapika bila dosari huku safu hiyo ikisema hapana, na ukinakili jina Mbinga ukapata vurugu ya alama.

Kipimo changu cha mwisho hakihitaji zana. Natafuta ndani ya PDF jina gumu kuliko yote yaliyomo, lenye ng’ au ŵ au alama ya toni, kisha nalinakili na kulibandika kwenye ukurasa mtupu. Likitoka kama lilivyoingia, naamini. Hapa inafaa kujua kwamba ŵ inaweza kuandikwa kwa njia mbili, kama herufi moja yenye namba yake au kama w ikifuatwa na kofia inayojitegemea. Kwa jicho ni sawa. Baadhi ya programu huziona kuwa vitu tofauti, na jina lililopo likaonekana halipo. Chagua njia moja kwa faili zote. Kwa ŵ mimi huchagua ile ya herufi moja.

Kasoro nyingine nitazigusa tu. Maandishi yanayojaza kisanduku katika matoleo ya zamani ya Inkscape yalifuata pendekezo la SVG 1.2 ambalo halikuwahi kuwa kiwango, na programu nyingine huyaonyesha kama mstatili mweusi. Yageuze yawe maandishi ya kawaida kabla ya kutoa. Kivuli chenye ukungu chini ya jina hulifanya jina liwe picha ya vitone wakati wa kutoa PDF, kwa hiyo ondoa kivuli. Michoro iliyotengenezwa kabla ya Inkscape 0.92 ya mwaka 2017 ilihesabu nukta 90 kwa inchi, na baadaye zikawa 96, ndiyo maana bango la zamani likifunguliwa leo linaweza kuonekana limepungua.

Fonti yenyewe nayo ina neno lake. Ndani ya kila fonti ya OpenType kuna alama inayoeleza kama mwenye nayo anaruhusu ibebwe ndani ya hati. Fonti nyingi za mapambo zilizozagaa kwenye flashi za steshenari zetu hazijulikani zilikotoka wala ruhusa zake. Kwa kazi za mwambao huu sioni sababu ya kuhangaika nazo. SIL, shirika la isimu linalofanya kazi nyingi za lugha ndogo, limetoa Andika, fonti iliyosanifiwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, pamoja na Charis na Doulos. Zote ni za leseni huria inayoruhusu kubebwa, kunakiliwa na hata kurekebishwa, na zote zinajua mahali pa kuweka alama ya toni juu ya ɛ. Wapo wanaosema Andika haina mvuto. Bango la kuwafundisha wakulima namna ya kulaza majani ya ngoro, au chati ya maneno kwa watoto wa Lipingo, linahitaji kwanza kila herufi iwepo na isomeke.

Sikatai mistari moja kwa moja. Mashine ya kukata stika inahitaji mistari, maana inafuata ukingo kwa kisu. Bango la mita kadhaa linalopelekwa kwa mchapaji usiyemfahamu, safari ya siku nzima kutoka hapa, ni afadhali liende likiwa mistari. Iwe nakala ya kuchapia tu, yenye jina la faili linalosema hivyo, na kamwe isiwe nakala pekee.

Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, na makao makuu yake yakawa Mbamba Bay. Kila ramani ya Mbinga iliyojumuisha mwambao ikahitaji kuhaririwa. Mwenye mchoro wenye maandishi hai angefuta kichwa, akaandika kipya, akasogeza mpaka, akatoa PDF nyingine kabla ya chai ya saa nne. Mwenye PDF ya mistari angelazimika kufunika kichwa cha zamani kwa mstatili mweupe na kutafuta fonti inayokaribiana ili kuandika juu yake, kisha kurudia hivyo kwa kila jina lililoguswa na mpaka mpya. Na mabadiliko hayajaisha. Lami ya kilomita zipatazo 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imebadilisha vituo ambavyo watu hushukia, na kata na vijiji huongezeka kadiri watu wanavyoongezeka.

Kwa hiyo ninapokabidhi kazi kwa chama cha msingi cha kahawa au ofisi ya kijiji, folda inakuwa na ule mchoro wa SVG, faili la fonti pamoja na leseni yake, PDF yenye fonti ndani, na ile ya mistari kwa ajili ya mchapaji. Ninamwonyesha katibu ipi ni ipi, na ninamwomba atafute yeye mwenyewe jina la kijiji chake kwenye zile PDF mbili, aone ipi inamjibu. Baada ya hapo sihitaji kumweleza ni faili gani lifunguliwe siku jina litakapobadilika.